Baba Aliyebaki na Namba

Jumapili, 17 Machi 2024. Donholm

Mvua imetukuta tukitoka kanisani, na haikuanza kwa manyunyu. Imeanguka yote kwa pamoja. Nimekimbia nyumbani kwa sababu nilikuwa nimemwacha Baba na binti yangu Tiffany, na Tiffany akishaweka vile visikizi vyake masikioni, hata paa lingeng'oka asingejua. Nimewakuta sebuleni, kimya wote wawili. Kwa Tiffany kimya ni hiari. Kwa Baba si hiari tena.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na sijazoea kuishi katika nyumba isiyo na maneno, ndiyo maana nimechukua kalamu. Kiharusi kilimpiga Baba mwanzoni mwa mwezi huu akifunga vifungo vya shati. Mkono wa kulia umelegea na mguu unaburutika, lakini hayo daktari anasema yatapungua. Shida ni ulimi. Phares Owino, mtu aliyepanga ratiba za treni kule Relwe mpaka akastaafu, mtu aliyeweza kuongea kuanzia chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari, sasa anafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Macho yake yanajua kila kitu. Heri yasingejua.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Uji nusu kikombe. Hakuna neno.

Ijumaa, 22 Machi

Leo kimetokea kitu ambacho lazima nikiandike kabla sijalala.

Hospitali ilituelekeza kwa mtaalamu wa matamshi anayeitwa Jecinta. Anatoka Makadara, ana sauti ya upole na viatu vilivyojaa tope. Alikaa mbele ya Baba, akamwonyesha kijiko. "Mzee, hii tunaitaje?" Baba akakitazama kijiko kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsahau jina. Akamwonyesha kikombe, akamwonyesha ufunguo. Machozi yakaanza kumtoka Baba.

Jecinta akaweka vitu chini. "Mwalimu, baba yako alipenda nini? Namaanisha kitu alichokirudia kila siku."

Nikacheka, na haikuwa kwa furaha. "Besiboli."

"Besiboli ya wapi, hapa Donholm?"

Nikamweleza. Baba alikwenda Marekani mwaka 1961 akiwa kijana, kusoma, na akaishi Pittsburgh mpaka mwaka 1966. Alirudi na cheti, koti zito, na wazimu wa mchezo ambao hakuna mtu mtaani aliyewahi kuuona. Akawa anakwenda maktaba mjini kusoma magazeti ya Marekani yaliyochelewa. Wenzetu walikua wakisikia hadithi za sungura. Mimi na kaka yangu Frankline tulikua tukisikia takwimu za wapiga mpira waliokufa. Alijua namba za kila mmoja wao, na siku yangu ya kuzaliwa Mama ndiye aliyemkumbusha.

"Taja mmoja," Jecinta akasema.

"Ty Cobb," nikasema, bila imani yoyote.

Na Baba, ambaye hakuweza kusema "kijiko", akasema, "Tatu, sita, saba."

Aliitamka wazi kama tangazo la stesheni. Tiffany akang'oa visikizi, akamkodolea macho babu yake. "Wueh! Guka ameongea!" Jecinta akanishika mkono, akaninong'oneza niendelee. "Babe Ruth?" Baba: "Saba, moja, nne." Hizo ni mara alizoupiga mpira ukaruka nje ya mipaka ya uwanja. "DiMaggio?" "Hamsini na sita." Hizo ni mechi alizopiga mfululizo bila kukosa hata moja, mwaka 1941, na mpaka leo hakuna aliyemfikia.

Sikujua kwamba bado ninazijua. Zilikuwa zimelala ndani yangu miaka yote hii, na zilikuwa ndani yake pia, nzima, katikati ya kila kitu kilichobomoka.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Frankline amekuja kutoka Mowlem na samaki mkubwa na sura nzito. Nilimwambia, "Mtajie Cobb uone." Akakataa.

"Hayo si maneno, Perez. Ni kasuku."

"Jecinta anasema ni njia. Anasema vitu ambavyo mtu amevirudia maisha yake yote huhifadhiwa mahali pengine kichwani. Ndiyo maana mgonjwa asiyeweza kuomba maji anaweza kuimba wimbo wa kanisani mpaka mwisho."

"Alienda kusoma akarudi na besiboli," Frankline akasema. "Sasa sisi watoto wake hatuiti kwa majina, lakini hao watu wa Marekani wote amewaweka. Unaona hiyo ni sawa?"

Nami huwa najiuliza hivyo hivyo.

Kabla ya kuondoka tulikubaliana. Kabla hajafariki, Mama aliomba kwamba Baba asifie kwenye nyumba ya kupanga. Azeekee nyumbani, Ugenya. Mvua zikiisha Frankline atampeleka. Tumesema sikukuu ya Madaraka, tarehe mosi Juni. Huko hakuna Jecinta, lakini kuna ndugu, kuna hewa, na kuna kaburi la Mama. Nilikubali. Baba alikuwa akitutazama tulipokuwa tukikubaliana.

Alhamisi, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Jogoo Road imegeuka mto. Baba amemwita Tiffany "Ruth".

Ijumaa, 12 Aprili

Jecinta ana mbinu. Anataja jina, Baba anajibu namba, kisha upesi, kabla mlango haujajifunga, anaingiza neno la kawaida. "Cobb?" "Tatu, sita, saba." "Chai ni ya moto au baridi?" "Moto." Leo amepata "moto", "bado" na "hakuna". Maneno matatu! Nimewapigia watu simu kama mtu aliyepata mjukuu.

Jecinta ameniuliza maana ya ile namba ya Cobb, nami nimejikuta nikieleza kwa sauti ya Baba. Mpigaji anashika gongo. Mpira unarushwa kwake kwa kasi ambayo jicho halifuati. Katika kila mara elfu anazosimama kupiga, mpigaji wa kawaida hufaulu mara mia mbili na kitu. Akifaulu mia tatu, jina lake linaimbwa. Cobb alicheza miaka zaidi ya ishirini na akamaliza na mia tatu sitini na saba. Karibu karne nzima hakuna aliyekuwa juu yake. "Kwa hiyo hata aliye bora kuliko wote alikosa zaidi ya nusu," Jecinta akasema polepole, akamtazama Baba. "Mzee, umesikia? Hata yeye alikosa."

Kuna jina moja tu linalomfunga Baba mdomo. Nilisema, "Josh Gibson." Akainua mkono wa kushoto, akafumba macho, akatikisa kichwa. Nikarudia. Akatikisa tena.

Jecinta akadhani ameisahau namba. Hajaisahau. Gibson hakuwa na namba. Alikuwa mtu mweusi wa Pittsburgh, na enzi zake weusi hawakuruhusiwa kucheza na wazungu. Walikuwa na ligi zao wenyewe. Mzee Hollis, aliyempangisha Baba chumba, alikuwa ameuza njugu uwanjani ujanani mwake, akamwona Gibson kwa macho yake, na akamwambia Baba kwamba dunia haijaona mpigaji kama yule. Gibson alikufa Januari 1947, akiwa na miaka thelathini na mitano, miezi michache kabla mtu mweusi wa kwanza wa karne hiyo hajafunguliwa mlango wa ligi kubwa. Nikiwa mtoto nilimuuliza Baba namba ya Gibson ni ngapi. Akasema, "Hawakumhesabu." Nilimwona kama mtu aliyeishiwa na jibu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nguo hazikauki. Amesema "moto" kwa uji uliokuwa umepoa. Tumecheka wote, na yeye.

Ijumaa, 26 Aprili. Hospitalini

Naandika nikiwa kwenye benchi.

Jumatano alfajiri maji yaliingia ndani. Tunakaa chini kabisa ya jengo. Niliamka kuvaa kandambili, mguu ukazama. Tuliponyanyua taa, viatu vilikuwa vinaelea sebuleni na godoro la Baba limelowa upande mzima, naye amelala pale pale, macho wazi, anatetemeka. Hakuweza kutuita. Sijui alikuwa ameyasikiliza maji kwa muda gani. Nikifika hapo kwenye kuwaza, narudi nyuma.

Musyoka wa ghorofa ya pili alishuka, akambeba mgongoni, akavuka naye maji yaliyofika mapajani mpaka Outer Ring, mimi nyuma nimeshika blanketi, Tiffany amebeba dawa kichwani. Huko barabarani kulikuwa na watu wengi waliobeba watu wao.

Ni nimonia. Amewekewa oksijeni. Jana homa ilipanda hata akawa hanijui. Niliinama sikioni nikamwambia, "Baba, Cobb." Hakuna. "Ruth. DiMaggio." Hakuna. Nikaendelea kutaja kila jina nililolikumbuka, wazee wa Boston, wa Detroit, watu ambao utotoni niliwachukia kwa sababu walikaa mezani petu wakati wa chakula. Nimezidharau namba hizi miaka yote, na sasa nilikuwa naziomba zirudi kama ninavyowaombea wagonjwa.

Frankline alikuja mchana. Alisimama upande wa miguu ya kitanda, hakusema habari za Ugenya. Alikuwa analia bila sauti, na alipogundua ninamwona akageuka dirishani.

Jumanne, 30 Aprili

Kule Mai Mahiu maji yamebeba watu wakiwa wamelala. Wodi nzima inatazama televisheni. Ufunguzi wa shule umesogezwa. Baba bado kimya.

Alhamisi, 2 Mei

Stima imepotea nchi nzima. Jenereta ya hospitali imenguruma. Mashine yake haikuzima.

Ijumaa, 3 Mei

Jecinta amekuja kumwona bila kuitwa. "Mzee Phares. Cobb." Midomo ikajaribu. "Tatu." Tukangoja. Ikaishia hapo. Jecinta akamshukuru kana kwamba amepewa zawadi.

Jumamosi, 4 Mei

"Tatu, sita."

Jumapili, 5 Mei

Mimi sikumtajia jina lolote. Nilikuwa namfuta uso tu. Akanitazama akasema, "Saba."

Alikuwa ameibeba siku mbili, akiitafuta. Nimekwenda chooni nikalia kama mtoto.

Ijumaa, 10 Mei

Tumerudi nyumbani. Kuta zina mstari wa tope. Jecinta ameanza upya, na amenionya nisimchanganye: "Kwa sasa hizi namba ndizo ardhi yake, Mwalimu. Ndicho kitu pekee kisichosogea. Tukanyage hapo hapo."

Jumatatu, 13 Mei

Shule zimefunguliwa. Viti vya darasani vinanuka maji.

Jumanne, 21 Mei

Jua, la kwanza la maana. Sasa ana maneno kama ishirini, na anaanza kuyaunganisha: "chai bado", "Ruth hakuna", maana yake Tiffany hajarudi. Majina yetu bado hajayapata. Frankline amepiga simu kuthibitisha Madaraka. Barabara ya Busia inapitika. Nimejaribu kumwambia kwamba Baba anapanda mlima, asimshushe katikati. "Sis," amesema, "wewe unaona mlima. Mimi namwona baba yangu kwenye godoro lililolowa." Nimeanza kupanga nguo za Baba.

Alhamisi, 30 Mei

Jana jioni Tiffany alikuja jikoni na simu. "Mathe, si ule msee wa Guka anaitwa Cobb? Wamemtoa namba moja."

Nilidhani ni mzaha. Nikasoma mwenyewe, nikasoma tena. Ligi kubwa ya Marekani imeziingiza rasmi katika kumbukumbu zake takwimu za ligi za weusi, kuanzia 1920 hadi 1948. Wachezaji zaidi ya elfu mbili. Na Josh Gibson, mtu asiye na namba, sasa ana namba: tatu, saba, mbili. Juu ya Cobb. Juu ya wote waliowahi kushika gongo. Rekodi iliyosimama karibu miaka mia imeanguka, na mtu aliyeiangusha yumo kaburini miaka sabini na saba.

Nikakumbuka onyo la Jecinta. Tatu, sita, saba ndiyo iliyomrudisha Baba mara mbili. Je, nikiitikisa na yeye akaanguka nayo? Nilimpigia Jecinta. Akasema, "Mimi sijui, Mwalimu. Hili halimo kwenye mafunzo yangu. Lakini ni lake. Huwezi kumficha kitu chake."

Leo baada ya shule nimekaa mbele yake.

"Baba. Cobb?"

"Tatu, sita, saba."

"Na juu yake?"

Akanitazama kama anayemtazama mwanafunzi mzito. "Hakuna."

"Yupo, Baba. Tangu jana yupo. Wamezihesabu zile ligi zote. Gibson. Tatu, saba, mbili."

Hakusogea. Nikaanza kuogopa. Nje kulikuwa na mtu anauza makaa, anaita kwa sauti ndefu, na mpaka akapita lango Baba hajasema kitu. Kisha mdomo ukaanza kufanya kazi, ukakosa, ukarudi.

"Nani," akasema. "Nani... alihesabu?"

Tangu augue hajawahi kuniuliza swali. Nikamwambia nilichosoma: kwamba kuna watu, wengine bila kulipwa, waliokaa miaka mingi wakipekua magazeti ya zamani ya miji ile, mechi baada ya mechi, wakitafuta nani alipiga na nani alikosa, katika karatasi ambazo hakuna mwingine aliyezitaka. Na bado hawajamaliza; wanatafuta.

"Walihesabu," Baba akasema. Akaweka mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia usiosikia. "Walihesabu."

Nimekaa naye mpaka giza likaingia na hatukuwasha taa. Nilikuwa nikiwaza juu ya kijana wa Kijaluo kwenye chumba cha kupanga, anamsikiliza muuza njugu, anaamini. Miaka sitini anaamini bila ushahidi, na wanawe wanamcheka.

Jumamosi, 1 Juni. Madaraka

Frankline alifika mapema na gari la kuazima. Redio ya jirani ilikuwa ikipiga gwaride. Mkoba ulikuwa umefungwa. Niliahidi, na sikuwa na nguvu ya kuvunja ahadi. Aliupeleka kwenye gari, akarudi, akapiga goti kumvalisha Baba viatu. Nikampa ile habari. Aliisikiliza akifunga kamba.

"Ni vizuri," akasema. "Lakini Baba, tuseme ukweli. Hao watu walicheza mechi chache. Msimu wao ulikuwa mfupi. Mtu akipiga mara chache, wastani unapanda. Hata mimi najua hiyo."

Baba akavuta mguu. Kiatu kikabaki mkononi mwa Frankline.

"Chache," Baba akasema.

"Ndiyo, chache."

"Nani... nani aliwa... aliwafungia mlango?"

Frankline akainua kichwa. Alikuwa amesikia kwangu tu kwamba mzee anaunganisha maneno. "Sisemi ilikuwa haki, Baba. Nasema hesabu ni hesabu."

"Hesabu!" Mkono wa kushoto ukapiga kiti. "Hesabu, mimi najua. Treni... treni ikizuiwa stesheni, huwezi... huwezi kusema haina mbio!"

Tiffany alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Lakini wewe hukumwona!" Sauti ya Frankline ilipanda, na haikuwa ya leo, ilikuwa ya miaka yote. "Hata siku moja. Alikufa wewe ukiwa mtoto unachunga mbuzi. Umempenda mtu ambaye hukumwona, na sisi tuliokuwa mezani..." Akakatiza.

Baba akaegemea mbele kwenye kiti.

"Kaburi," akasema. "Niliona kaburi. Mimi na Hollis. Theluji. Hollis anatafuta... anatafuta jiwe. Hakuna. Hakuna jina. Nyasi tu, chini ya... chini ya theluji. Akasema, simama hapa. Pengine ni hapa." Akavuta pumzi; jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji. "Nikasimama. Nikamwambia Hollis, mimi... nitamtaja. Popote."

Frankline alikuwa ameketi sakafuni, kiatu mapajani.

"Hukuwahi kutuambia hiyo ya kaburi," akasema hatimaye.

"Hamkuuliza," Baba akasema. Kisha akatafuta tena, na safari hii nilijua anachotafuta kabla hajakipata. "Frank. Frankline. Hamkuuliza."

Kaka yangu akainuka, akatoka nje. Nikasikia mlango wa gari. Aliporudi alikuwa na ule mkoba, akauweka chini karibu na meza.

"Jecinta anakuja lini?" akaniuliza.

"Jumanne."

"Basi Jumanne nitakuwa hapa. Ugenya haihami."

Akavuta kigoda, akakaa mbele ya Baba, magoti yakigusana. Akafuta uso kwa kiganja. "Sawa. Lakini bado nasema, Baba, mechi zilikuwa chache."

Baba akajaza kifua hewa.

Mimi nilikwenda jikoni kupika chai. Jina langu bado hajalipata, nami nitangoja. Nilisimama pale na sufuria mikononi, bila kuwasha jiko, nikiwasikiliza wanaume wawili wakibishana sebuleni kuhusu mtu wa Pittsburgh, mmoja upesi, mwingine akikwama, akianguka, akiinuka, akikataa kunyamaza. Na sikutaka wapatane.